Ujazo wa Silinda na Uzito wa Hewa: Historia ya Supachaja na Upuliziaji wa Mafuta Moja kwa Moja katika Injini za Petroli, na Funzo Lake kwa Sera za Magari Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mbinu mbili zilizobadili injini ya petroli: kusukuma hewa kwa shinikizo ndani ya silinda, na kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hiyohiyo. Inaonesha kwamba kila mbinu ilizaliwa peke yake, ikakwama kwa sababu zake, na kwamba mafanikio makubwa yalipatikana zilipounganishwa. Makala inadai mambo mawili. Kwanza, ubora wa mafuta, wa oili na wa matengenezo ndio ulioamua hatima ya mbinu hizo kuliko ubunifu wenyewe. Pili, sheria zinazopima gari kwa ujazo wa injini zimekuwa zikipitwa na teknolojia hizi kwa karibu karne moja. Hoja zote mbili zinazigusa nchi za Afrika Mashariki, ambako ujazo wa injini ungali kigezo cha ushuru na ambako magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1920 kiwanda cha Mercedes kiliuza gari lililoitwa 6/25/40 PS. Jina hilo lilikuwa na namba tatu, na kila moja ilisema jambo tofauti. Namba ya kwanza ilikuwa nguvu ya kodi, iliyokokotolewa na sheria ya Ujerumani kutokana na ujazo wa silinda: injini hiyo, yenye sentimita za ujazo 1,568, ilihesabiwa kuwa na nguvu sita za farasi mbele ya mtoza kodi. Namba ya pili ilikuwa nguvu halisi ya injini ikivuta hewa yenyewe. Namba ya tatu ilikuwa nguvu ya injini ileile pale kompresa ilipoanza kusukuma hewa. Kwa hiyo gari moja lilikuwa na nguvu tatu, na serikali iliijua iliyo ndogo kuliko zote.

Pengo kati ya namba ya kwanza na ya tatu ndilo kiini cha makala hii. Ili kulielewa ni lazima kwanza tueleze injini inahitaji nini. Petroli haiwaki bila oksijeni. Ili gramu moja ya petroli iungue kikamilifu huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Lita moja ya hewa katika usawa wa bahari ina uzito wa gramu 1.2 hivi, yaani hewa inayotosha kuunguza chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu ya petroli. Kuongeza mafuta ni jambo jepesi. Kinachobana nguvu ya injini ni hewa inayoweza kuingia ndani ya silinda katika muda mfupi ambao vali imefunguka. Mhandisi anayetaka nguvu zaidi ana njia tatu: kukuza silinda, kuizungusha injini kwa kasi zaidi, au kuijaza silinda ileile hewa nzito zaidi. Njia ya tatu ndiyo ya supachaja. Upuliziaji wa moja kwa moja, kama tutakavyoona, ulikuja baadaye kuondoa madhara ya njia hiyo.

2.0 Hewa kwa shinikizo: kutoka tanuri hadi barabara

Mashine ya kusukuma hewa ni kongwe kuliko gari. Ndugu Philander na Francis Roots, wa Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa viwandani, katika kupeleka hewa kwenye matanuri. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler aliingiza katika hataza yake wazo la kuongeza hewa ya silinda kwa kutumia mgandamizo wa upande wa chini wa pistoni. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo lililokuja kuwa tabochaja: badala ya injini kukizungusha kipulizio kwa nguvu yake yenyewe, moshi wa ekzosi, ambao vinginevyo hutupwa, uzungushe tabaini, na tabaini izungushe kipulizio.

Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha familia mbili za mashine hizi hadi leo. Supachaja inayoendeshwa na injini kwa mkanda au giya huitikia mara dereva anapokanyaga, lakini hula sehemu ya nguvu inayoizalisha. Tabochaja hutumia nishati iliyokuwa ikipotea, lakini husubiri moshi uwe mwingi kabla ya kuanza kusukuma, na kwa hiyo huchelewa.

Haja ya mashine hizi ilidhihirika kwanza angani, kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty katika kilele cha mlima Pikes Peak, Colorado, takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyotoa nguvu 350 za farasi bondeni ilitoa 230 tu kileleni. Ilipofungwa tabochaja, ilitoa 356 palepale kileleni. Jaribio hilo lilionesha kwamba injini haikuwa imedhoofika. Ilikuwa imekosa hewa tu.

Mercedes ilionesha magari yake ya kwanza yenye kompresa mjini Berlin mwaka 1921. Kompresa hiyo haikufanya kazi wakati wote: iliunganishwa na injini pale tu dereva alipokanyaga mafuta hadi mwisho, na haikukusudiwa kutumika kwa muda mrefu. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Hewa inayobanwa hupata joto. Mchanganyiko wenye joto ukibanwa tena na pistoni unaweza kujiwasha wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na hapo injini hugonga. Kugonga kukiendelea, pistoni hutoboka. Dawa mbili zilijulikana: kupunguza uwiano wa mgandamizo wa injini, jambo linaloongeza ulaji wa mafuta, au kutumia mafuta yenye oktani ya juu zaidi. Kwa hiyo tangu mwanzo supachaja ilikuwa mateka wa kiwanda cha kusafishia mafuta.

3.0 Mafuta ndani ya silinda

Kabureta, iliyotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, huyachanganya mafuta na hewa nje ya silinda. Ni chombo rahisi na cha bei nafuu, lakini kina kasoro tatu. Kwanza, haigawi mafuta sawasawa kwa kila silinda. Pili, hutegemea uzani wa mafuta ndani ya bakuli lake, na hivyo huyumba injini inapoinama au kupinduka. Tatu, mchanganyiko ukishaingia kwenye bomba la hewa, sehemu yake inaweza kupita kwenye silinda na kutokea kwenye ekzosi bila kuungua, hasa katika injini za mipigo miwili.

Mswidi Jonas Hesselman alijenga mwaka 1925 injini iliyopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na kuyawasha kwa plagi. Hata hivyo, ni ndege za kivita za Ujerumani zilizoifanya mbinu hii kuwa ya viwanda. Injini ya Daimler-Benz DB 601, iliyoendesha ndege ya Messerschmitt Bf 109, ilikuwa na upuliziaji wa moja kwa moja pamoja na supachaja iliyobadili kasi yake kwa kiungo cha majimaji kulingana na kimo cha ndege. Mwaka 1940, katika mapigano juu ya Uingereza, rubani Mjerumani aliweza kuisukuma pua ya ndege yake chini ghafla bila injini kukatika. Injini ya Rolls-Royce Merlin ya Waingereza, iliyokuwa na kabureta, ilikosa mafuta kwa muda katika mwendo huohuo, hadi mhandisi Beatrice Shilling alipobuni kizuizi kidogo cha mafuta kilichopunguza tatizo hilo mwaka 1941.

Hata hivyo, mtafiti asiharakishe kusema kwamba teknolojia moja ilikuwa bora kwa kila hali. Wahandisi wa Rolls-Royce walikuwa na hoja ya kuibakiza kabureta: petroli iliyovukizwa kabla ya kufika kwenye supachaja iliipoza hewa na kuifanya nzito zaidi. Tena, mwaka huohuo wa 1940 Waingereza walianza kutumia mafuta ya oktani 100, yaliyowaruhusu kuongeza shinikizo la supachaja bila injini kugonga. Injini yenye kabureta na mafuta bora iliweza kushindana na injini yenye upuliziaji na mafuta duni.

Baada ya vita ujuzi huo ulihamia kwenye magari. Magari madogo mawili ya Ujerumani, Gutbrod Superior na Goliath GP 700, yaliyotumia injini za mipigo miwili, yalipata upuliziaji wa moja kwa moja wa Bosch mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa injini hizo faida ilikuwa dhahiri: silinda ilisafishwa kwa hewa tupu, kisha mafuta yakapulizwa baadaye, na hivyo petroli haikutoroka kwenye ekzosi. Mhandisi Hans Scherenberg, aliyehusika na kazi hiyo Gutbrod, alirejea Daimler-Benz, na mwaka 1954 kampuni hiyo ilizindua Mercedes-Benz 300 SL, gari la mipigo minne lenye upuliziaji wa moja kwa moja. Injini yake ya lita tatu ilitoa nguvu 215 za farasi, ilhali injini ya ukoo huohuo iliyotumia kabureta katika gari la abiria la 300 ilikuwa imeanza na 115. Tofauti hiyo haikuletwa na upuliziaji peke yake, lakini upuliziaji ulikuwa na mchango mkubwa.

Hata hivyo, 300 SL ilifichua gharama ya mbinu hiyo. Pampu yake ya mitambo iliendelea kupuliza petroli baada ya dereva kuzima injini, hadi injini iliposimama kabisa. Petroli hiyo isiyoungua iliteremka kwenye kuta za silinda, ikaosha utando wa oili na kuichuja nguvu oili iliyokuwa chini. Gari lilihitaji kubadilishwa oili mara kwa mara kuliko magari mengine ya wakati wake. Kwa gari la kawaida, gharama na uangalizi huo havikuvumilika. Mwaka 1967, Volkswagen ilipotafuta namna ya kutimiza masharti ya moshi ya Marekani, ilichagua mfumo wa kielektroniki wa Bosch uliopuliza mafuta nje ya silinda, karibu na vali. Upuliziaji wa moja kwa moja ulikaa kando kwa miongo mitatu.

4.0 Mbinu mbili zakutana

Wakati upuliziaji wa moja kwa moja umelala, tabochaja ilijaribiwa barabarani. Mwaka 1962 General Motors ilitoa magari mawili ya abiria yenye tabochaja, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ilizuia kugonga kwa kunyunyizia maji na pombe ndani ya hewa inayoingia, na mwenye gari alitakiwa kuijaza chupa ya majimaji hayo. Wengi hawakuijaza. Ndani ya miaka michache kampuni ilikuwa ikitoa nafasi kwa wateja kuondolewa tabochaja na kurudishiwa mfumo wa kawaida. Hapa lipo funzo ambalo watunga sera hawana budi kulizingatia: mfumo uliofanya kazi vizuri mikononi mwa wahandisi ulishindwa mikononi mwa watumiaji kwa sababu ulitegemea tabia ambayo haikuwepo.

Suluhisho lilikuja kwa njia mbili. Kwanza, Saab mwaka 1982 ilitumia kihisi cha kugonga kilichoshusha shinikizo la tabochaja pale injini ilipoanza kugonga, na hivyo kazi ya uangalizi ikatolewa kwa dereva na kukabidhiwa mashine. Pili, upuliziaji wa moja kwa moja ulifufuka. Mwaka 1996 Mitsubishi ilianza kuuza injini yake ya GDI nchini Japani, na Toyota ikafuata na injini zake za D-4. Vidhibiti vya kielektroniki viliwezesha sasa kuamua kwa usahihi mkubwa ni wakati gani na kiasi gani cha mafuta kipulizwe katika kila mzunguko.

Sababu ya mbinu hizi mbili kufaana ni ya kifizikia. Petroli inapovukizwa ndani ya silinda huchukua joto kutoka kwenye hewa ileile ambayo tabochaja imeipasha. Kupoa huko huchelewesha kugonga, na hivyo injini yenye tabochaja inaweza kubaki na uwiano wa juu wa mgandamizo. Aidha, kwa kuwa bomba la hewa halina petroli, vali za kuingiza na za kutoa zinaweza kuachwa wazi pamoja kwa muda mfupi ili hewa safi ifagie moshi uliobaki bila mafuta kupotea. Ndiyo faida ileile iliyotafutwa na Gutbrod, ikitumika sasa katika injini ya mipigo minne.

Mfano mashuhuri wa muungano huo ni injini ya Volkswagen ya mwaka 2005 yenye sentimita za ujazo 1,390. Ilikuwa na supachaja ya aina ya Roots kwa kasi ndogo, tabochaja kwa kasi kubwa, na upuliziaji wa moja kwa moja. Ilitoa kilowati 125, sawa na nguvu 170 za farasi, kutoka kwa ujazo ambao katika magari mengi ya kawaida ulitoa karibu nusu ya nguvu hizo.

5.0 Sheria zinazopima ujazo

Ikiwa ujazo mmoja unaweza kutoa nguvu mbili tofauti kiasi hicho, sheria inayopima ujazo inapima nini? Historia ya michezo ya magari ilikabiliana na swali hilo mapema. Kanuni za mashindano ya Grand Prix baada ya mwaka 1946 ziliruhusu injini za lita 4.5 zisizo na supachaja kushindana na injini za lita 1.5 zenye supachaja. Alfa Romeo 158, na mrithi wake 159, zilitawala kwa injini ya lita 1.5 iliyokuja kutoa zaidi ya nguvu 400 za farasi, lakini zilikunywa zaidi ya lita moja ya mafuta kwa kila kilomita. Mwaka 1951 huko Silverstone, José Froilán González aliishinda Alfa kwa Ferrari ya lita 4.5 isiyo na supachaja.

Baadaye mamlaka ya michezo ilitumia kizidisho: ujazo wa injini yenye tabochaja ulizidishwa kwa 1.4 kabla ya kuipanga katika daraja. Toyota Celica Twincam Turbo, iliyoshinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, ilikuwa na ujazo wa sentimita 2,090, lakini kwa hesabu hiyo ilisomeka kama 2,926. Kwa maneno mengine, waandaaji wa mbio walikiri mapema jambo ambalo mamlaka nyingi za kodi hazijalikiri.

Kodi nazo zimewahi kuunda magari. Nchini Italia, magari yenye injini zaidi ya lita mbili yalitozwa kodi kubwa ya mauzo. Ferrari ilijibu mwaka 1982 kwa 208 GTB Turbo, yenye sentimita 1,991 na tabochaja. Gari la kifahari likabaki ndani ya daraja la kodi la gari la kawaida. Sheria haikuvunjwa, ilipitwa.

6.0 Afrika Mashariki

Masuala haya yanatuhusu kwa njia nne.

Kwanza, kimo. Injini isiyo na supachaja hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nairobi, Kigali na Mbeya zote ziko zaidi ya mita 1,500. Tabochaja inaweza kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi katika hewa nyepesi. Kwa hiyo nyanda zetu za juu ni miongoni mwa mahali ambapo teknolojia hii ina faida halisi, kama Moss alivyoonesha mwaka 1918.

Pili, ushuru. Nchini Kenya na Tanzania ujazo wa injini ni miongoni mwa vigezo vya ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria. Kigezo hicho kilibuniwa kwa dhana kwamba injini kubwa hula mafuta mengi na humilikiwa na wenye uwezo. Dhana hiyo inadhoofika kila mwaka. Gari jipya la lita 1.4 lenye tabochaja linaweza kuwa na nguvu na bei kubwa kuliko gari kongwe la lita mbili, likatozwa kidogo.

Tatu, mafuta na oili. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubali kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni katika dizeli ya magari. Hatua hiyo ni msingi wa lazima, kwa kuwa salfa huharibu vifaa vya kusafisha moshi. Lakini oktani na usafi wa petroli vina uzito uleule, kwani injekta za upuliziaji wa moja kwa moja hufanya kazi kwa shinikizo kubwa na matundu yake ni madogo mno. Oili nayo imekuwa sehemu ya muundo wa injini: kiwango cha API SN Plus kilitolewa mwaka 2018 mahsusi kwa sababu injini ndogo zenye tabochaja na upuliziaji wa moja kwa moja zilikabiliwa na mwako wa kabla ya wakati katika kasi ndogo. Yeyote anayefahamu gereji zetu anajua jinsi injini za D-4 zilivyopata sifa ya usumbufu. Kabla hatujamlaumu mbuni wa injini, hatuna budi kuuliza ilikuwa ikinyweshwa nini, na nani alifundishwa kuitengeneza.

Nne, afya. Petroli inayopulizwa ndani ya silinda ina muda mfupi wa kuchanganyika na hewa, na sehemu inayogusa pistoni ikiwa kimiminika huungua vibaya na kutoa masizi membamba. Umoja wa Ulaya, kupitia masharti ya Euro 6, uliweka kwa injini hizi kikomo cha chembe bilioni 600 kwa kila kilomita, kilichoanza kutumika mwaka 2017 kwa miundo mipya, na watengenezaji wengi wakaongeza vichujio vya masizi kwenye ekzosi. Magari hayo yataendelea kutufikia yakiwa yametumika. Kenya huruhusu magari yasiyozidi miaka minane. Ukaguzi unaopima kaboni monoksidi na haidrokaboni pekee hauwezi kugundua kichujio kilichoondolewa.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba supachaja na upuliziaji wa moja kwa moja havikusonga mbele kwa ubunifu wa wahandisi tu. Vilisonga pale mafuta yalipokuwa bora, vidhibiti vilipopunguza mzigo wa dereva, na watengenezaji walipojua namna ya kuvihudumia. Vilirudi nyuma pale mambo hayo yalipokosekana. Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo matatu. Ushuru wa magari uhamishwe hatua kwa hatua kutoka kwenye ujazo wa injini kwenda kwenye kipimo kinachokaribia zaidi kusudi lake, kama vile utoaji wa kaboni dioksidi au nguvu halisi. Na pale hilo lisipowezekana kwa sasa, kizidisho kwa injini zenye tabochaja kingekuwa hatua ya mpito yenye rekodi ndefu. Udhibiti wa ubora wa petroli na oili upewe uzito sawa na udhibiti wa umri wa gari. Mwisho, vyuo vya ufundi viingize mifumo hii katika mitaala, pamoja na istilahi zake za Kiswahili, kwa kuwa fundi asiye na jina la sehemu aghalabu hana pia njia ya kuieleza hitilafu yake. Mtoza kodi wa Ujerumani wa miaka ya 1920 aliiona injini ya nguvu arobaini akaiandika sita. Takwimu zake hazikuwa za uongo. Kipimo chake ndicho kilichokuwa kimepitwa na wakati.